Aaliyah: Marehemu Hawezi Kukataa Kolabo

Kila mwaka ikifika tarehe 25 Agosti, picha yake inarudi mitandaoni. Nywele zimefunika jicho moja, suruali pana, kitopu kifupi, na chini yake watu wamejaza njiwa na mioyo. Wengi wanaoposti hawakuwa hata wamezaliwa siku ile ndege ilipoanguka Bahamas, mwaka 2001. Si kosa lao. Muziki mzuri hauulizi mtu cheti cha kuzaliwa.

Ila kwenye posti hizohizo kuna ombi ambalo halikosekani. Huyu anataka Aaliyah atolewe kolabo na staa fulani wa sasa. Yule anataka sauti yake ilazwe juu ya amapiano. Mwingine ameshatengeneza tayari kwa akili mnemba na anaomba watu washee. Wote wanafanya kwa mapenzi, hakuna ubishi.

Shida inaanzia hapo. Kolabo ni makubaliano ya watu wawili. Marehemu hawezi kukubali, na kubaya zaidi, hawezi kukataa. Kwa Aaliyah hiyo haki ya kukataa si jambo dogo. Ukijua alivyoingia kwenye muziki utaelewa kwa nini.

ALIANZA KWA KUAMULIWA

Aaliyah Dana Haughton alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 16 Januari 1979, akakulia Detroit. Muziki aliukuta nyumbani. Mjomba wake, Barry Hankerson, aliwahi kumuoa Gladys Knight, na binti akiwa na miaka 11 tu alishapanda jukwaani Las Vegas kuimba na mama huyo. Kabla ya hapo alishajaribu bahati yake kwenye shindano la televisheni la Star Search, akakosa.

Mwaka 1994 albamu yake ya kwanza ikatoka. Alikuwa na miaka 15. Aliyeisimamia na kuandika karibu nyimbo zote ni R. Kelly, mwanaume wa miaka 27. Hata jina la albamu lilikuwa linasema umri ni namba tu. Mwaka huohuo ikafungwa ndoa Illinois, cheti kikidai bi harusi ana miaka 18. Mwaka uliofuata ndoa hiyo ikabatilishwa.

Kwa miaka mingi watu waliichukulia kama stori ya udaku. Mwaka 2021 mahakama ya New York ikamtia Kelly hatiani, na kati ya yaliyothibitishwa ni rushwa aliyopewa mtumishi wa serikali ili binti apatiwe kitambulisho cha uongo na ndoa ipite. Mwaka 2022 Kelly akapigwa miaka 30 jela.

Kwa hiyo ukiitazama ile albamu ya kwanza, usiite kolabo. Mtoto wa miaka 15 hafanyi kolabo na mtu mzima wa 27. Anaamuliwa. Anaambiwa aimbe nini, avae nini, asimame wapi, na wakubwa waliopaswa kusema "hapana" kwa niaba yake hawasemi.

HALAFU AKACHAGUA MWENYEWE

Hapa ndipo stori inapopendeza. Binti yule angeweza kupotea kabisa. Wengine wangeona ameshachafuliwa jina, basi. Yeye mwaka 1996 akarudi na albamu ya pili, One in a Million, akiwa na vijana wawili kutoka Virginia ambao mtaani walikuwa hawajulikani bado: Timbaland na Missy Elliott.

Leo ukitaja majina hayo kila mtu anasimama. Wakati ule ilikuwa kamari. Midundo ya Timbaland ilikuwa haifanani na R&B ya redioni. Ngoma zinakatika katikati, besi inaruka, kuna sauti za ajabuajabu ndani. Mwaka 1998 kwenye Are You That Somebody?, wimbo wa filamu ya Dr. Dolittle, jamaa aliweka hadi sauti ya mtoto mchanga anayecheka. Waimbaji wengi wangepiga kelele ili wasimezwe na biti kama hiyo. Aaliyah alifanya kinyume: aliimba kwa upole, kama anakunong'oneza sikioni, halafu biti ndiyo ikamfuata.

Hiyo ndiyo maana ya kolabo. Bila yeye, biti ile ingekuwa kituko cha studio. Bila biti ile, sauti yake ingekuwa nzuri tu kama za wengine. Waongeze na Static Major, aliyemwandikia mashairi ya Are You That Somebody?, Try Again na Rock the Boat. Hao ndio walikuwa watu wake.

Na kwenye muvi ikawa hivyohivyo. Mwaka 2000 alicheza Romeo Must Die na Jet Li, filamu yake ya kwanza, ikaingiza zaidi ya dola milioni 90 duniani. Kwa wabongo waliokua enzi za mabanda ya video, hiyo haihitaji maelezo: Jet Li akionekana kwenye bango la nje, banda linajaa. Kuna vijana kibao walioingia kuangalia mateke wakatoka wanauliza yule dada ni nani. Try Again, wimbo wa filamu hiyo, ukashika namba 1 Marekani kwa kupigwa redioni peke yake, kitu ambacho hakuna wimbo uliokuwa umewahi kukifanya kwenye chati ya Billboard Hot 100.

Baada ya hapo akaenda Melbourne, Australia, kurekodi Queen of the Damned. Mchana anaigiza malkia wa wanyonya damu, usiku anaingia studio kutengeneza albamu ya tatu. Ndiyo, kule kule Australia. Albamu ikatoka Julai 2001 ikiwa na jina lake tu, Aaliyah. Binti aliyeanza kwa kuimba maneno ya mwanaume mmoja sasa ana jina lake kwenye kava na watu aliowachagua nyuma yake.

Wiki chache baadaye akaenda visiwa vya Abaco, Bahamas, kushuti kichupa cha Rock the Boat na dairekta Hype Williams. Kazi ikaisha, timu ikataka kurudi Florida. Wakapanda ndege ndogo aina ya Cessna iliyokuwa imebeba uzito kupita kiasi. Iliruka na kuanguka palepale karibu na uwanja. Watu tisa wote waliokuwemo walifariki. Aaliyah alikuwa na miaka 22. Kwenye mazishi New York wakarushwa njiwa weupe 22, mmoja kwa kila mwaka aliouishi.

KOLABO ZILIZOPOTEA NI HIZI

Watu wakizungumzia kolabo alizozikosa, wanawaza angeimba na nani leo. Hizo ni ndoto. Zipo ambazo hazikuwa ndoto, zilikuwa mezani kabisa.

Alikuwa ameshapata nafasi ya Zee kwenye muendelezo wa The Matrix, na vipande kadhaa alikuwa ameshavishuti. Baada ya kifo chake ikabidi virudiwe, na nafasi akachukua Nona Gaye, mtoto wa Marvin Gaye. Filamu ya Honey, ya dada anayecheza dansi, ilikuwa imepangwa kwa ajili yake, na ilipotoka 2003 aliyeonekana ni Jessica Alba.

Inayouma zaidi ni Sparkle. Hii ni filamu ya zamani, ya mwaka 1976, ya mabinti ndugu wanaounda kundi la muziki. Whitney Houston aliitaka sana irudiwe, na aliyemtaka awe nyota wake ni Aaliyah. Fikiria hilo. Whitney, mwanamke aliyejua kushika maiki na kamera kwa pamoja kuliko mtu yeyote wa kizazi chake, anamshika mkono mdogo wake na kumwambia njoo. Ndege ikaanguka, mradi ukalala miaka kumi. Ulipoamka aliwekwa Jordin Sparks. Whitney mwenyewe akaigiza kama mama wa mabinti hao, halafu tarehe 11 Februari 2012 naye akafariki, miezi sita kabla filamu haijafika kwenye majumba ya sinema.

Dada wawili, wote waimbaji na waigizaji, kazi moja waliyotaka kuifanya pamoja, na wote hawapo. Hiyo haiwezi kurudishwa na kompyuta yoyote. Kilichopotea hapo ni siku za mazoezi, ushauri ambao mkubwa angempa mdogo, makosa ambayo wangeyacheka pamoja. Sauti zilizobaki kwenye diski hazina hayo.

WALIOBAKI NAYO, WALIFANYAJE?

Kuna waliofanya kiungwana. Queen of the Damned ilipokuwa inamaliziwa, kuna sehemu maneno yake yalihitaji kurekodiwa upya na yeye hayupo. Kaka yake, Rashad, aliyekua naye nyumba moja, ndiye aliyeingia studio kusaidia sauti hizo. Mwaka 2002 ikatoka Miss You, na kwenye kichupa chake wakajitokeza marafiki zake akina Missy, Timbaland na DMX, wakimuaga. Hakuna aliyejifanya yupo naye. Walisema wazi kwamba hayupo na wamemkumbuka.

Halafu wakaja wengine. Mwaka 2012 Drake, ambaye mapenzi yake kwa Aaliyah hayana siri hadi ana tatuu yake mwilini, akaachia wimbo akiwa na sauti yake, na ikatangazwa kwamba albamu nzima inapikwa na prodyuza wake, 40. Missy na Timbaland hawakuwemo. Watu waliotengeneza ile sauti wakabaki kusikia habari kama shabiki mwingine yeyote. Familia nayo haikuunga mkono. Baadaye 40 alieleza kwamba aliachana na mradi alipojua mama wa marehemu hataki utoke. Heshima yake kwa hilo. Angalau alipoambiwa hapana alisikia.

Mwaka 2013 Chris Brown akatoa wimbo na kichupa ambamo Aaliyah anaonekana kama kivuli cha mwanga akicheza. Mwaka 2014 ilipotengenezwa filamu ya maisha yake kwa ajili ya televisheni, Zendaya aliyekuwa amechaguliwa kumuigiza alijitoa, na moja ya sababu ni kwamba familia haikushirikishwa ipasavyo. Desemba 2021 ukatoka wimbo mwingine wa sauti yake na The Weeknd, chini ya lebo ya mjomba wake, yenye rekodi hizo.

Hapa wengi wanachanganya. Rekodi ziko kwa lebo ya mjomba, lakini mirathi inasimamiwa na mama na kaka, na pande hizo mbili zimevutana hadharani. Kwa hiyo ukisikia "familia imeruhusu," uliza familia ipi.

Na uvutano huo uliwahi kuzaa kituko kikubwa. Kwa miaka mingi, nyimbo zake nyingi hazikuwepo kwenye mitandao ya kusikiliza muziki. Albamu iliyokuwepo ni ya kwanza tu, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwa lebo nyingine. Yaani kijana aliyetaka kumjua Aaliyah kihalali kupitia simu yake alikuwa anakutana kwanza na R. Kelly. Kazi alizozichagua mwenyewe zilifungiwa stoo hadi Agosti 2021, miaka 20 baada ya kifo chake. Kazi aliyochaguliwa akiwa mtoto ndiyo iliyobaki wazi muda wote.

ILA SI KILA KITU NI DHAMBI

Wapo wanaosema muziki haufi na kwamba kolabo hizi zinamleta kwa kizazi kipya. Hoja hiyo ina ukweli. Mwaka 1991 Natalie Cole aliimba na baba yake, Nat King Cole, aliyefariki 1965, na dunia ikalia kwa furaha. Mbona huo haukukera watu?

Kwa sababu aliyeimba ni mwanaye, na wimbo wenyewe baba alikuwa ameshaurekodi, ameutoa na kuusimamia akiwa hai. Mtoto aliingia kwenye nyumba ambayo baba alishaijenga. Kuokota kipande ambacho msanii alikiacha studio, pengine kwa kuwa hakukipenda, ukakijengea nyumba nyingine na kuandika jina lake mlangoni, ni kitu tofauti kabisa.

Kuna maswali matatu yanayotosha kupima. Je, alimaliza kazi hiyo mwenyewe? Je, wanaomsindikiza ni watu aliowahi kuwachagua? Je, wenye uchungu naye wamekubali? Majibu yakiwa hapana, hapana, hapana, basi hiyo si kolabo, ni mtu anajiimbia na picha.

Kama bado inaonekana ni kelele za wazee wa mtandao, ikumbukwe Aprili 2023. Mtu asiyejulikana alitengeneza wimbo kwa akili mnemba, akaweka sauti mbili za mastaa ambao hawakuingia studio wala kuulizwa. Wimbo ukasambaa kama moto, kampuni yao ikalalamika, ukaondolewa. Mastaa hao walikuwa nani? Drake na The Weeknd. Haohao wawili. Tofauti ni moja tu: wao wako hai, wana mawakili, na walipochukuliwa sauti zao kulikuwa na mtu wa kusema hapana. Aaliyah hana.

BONGO NAKO HAKUKO MBALI

Usidhani haya ni ya Marekani tu. Albert Mangwea alifariki Afrika Kusini tarehe 28 Mei 2013, na aliyemjua kimuziki kuliko wengi ni P-Funk Majani, aliyempikia ngoma zake kule Bongo Records. Uhusiano ule wa msanii na prodyuza haukuwa tofauti na wa Aaliyah na Timbaland. Sasa jiulize: leo dogo mmoja mwenye laptop akichukua sauti ya Ngwea akaiweka kwenye ngoma yake mpya na kuandika "feat.", utaisikiliza kwanza au utauliza kwanza?

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Haki haizikwi siku ya maziko, inahamia kwa warithi. Lakini sheria inafanya kazi pale penye karatasi. Msanii anayerekodi kwa makubaliano ya mdomo, sauti zake zikabaki kwenye kompyuta ya studio, anaacha mama yake akibishana na mtu mwenye faili. Kwa hiyo kwa wasanii wanaochipukia, andikeni. Nani anamiliki sauti yako, nani ataamua ukiwa hupo, kipi kisitoke kamwe. Si uchuro. Uchuro ni kuamuliwa ukiwa hai na kuamuliwa tena ukiwa kaburini.

Aaliyah yalimkuta yote mawili. Katikati akapata miaka mitano hivi ya kuchagua mwenyewe, kutoka 1996 hadi Agosti 2001, na ndani ya miaka hiyo ndiyo kuna karibu kila kitu ambacho watu wanakipenda kwake. Sauti ile ya upole juu ya midundo ya kichaa haikuangukia mezani. Aliikubali, baada ya kujua ladha ya kutoulizwa.

Kwa hiyo tarehe 25 Agosti ikifika tena, posti picha, weka njiwa, sikiliza One in a Million kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana sasa ipo. Muangalie akicheza na Jet Li. Ila mtu akikuletea "kolabo mpya ya Aaliyah," kabla hujabonyeza, kumbuka upande mmoja wa hiyo kolabo haukuulizwa.

Unaonaje mdau, staa wako akifariki leo, ungependa nyimbo ambazo hakuzimalizia zitolewe au zilale naye?